Umeandikiwa warfarini: namna ya kuitumia salama ukiwa nyumbani

Kila Jumanne asubuhi benchi la kliniki yetu hujaa, na maswali ni yaleyale. Sista, ni kweli nimekatazwa mchicha? Jana nilisahau kidonge, leo nimeze viwili? Mbona najisikia mzima, niendelee mpaka lini? Mimi ni muuguzi wa kliniki ya INR, kipimo cha damu cha wanaotumia warfarini, na majibu ninayoyatoa pale benchini ndiyo ninayoyaandika hapa, ili mtu asisubiri Jumanne kuyapata.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyewekewa vali ya chuma (mlango wa damu wa bandia) kwenye moyo, au mwenye vali iliyosinyaa kwa sababu ya homa ya rumatiki ya utotoni, ile inayoanza na mafindofindo yasiyotibiwa. Naandika pia kwa ajili ya mzee ambaye moyo wake unapiga bila mpangilio, na kwa binti yake anayempangia dawa. Dozi anaipanga daktari wako, si mimi. Kazi yangu hapa ni kukuonyesha jinsi ya kuishi na dozi hiyo.

Nadharia ni fupi. Tunaiita dawa ya kuyeyusha damu, lakini warfarini haiyeyushi chochote. Inalizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Damu inayopita kwenye vali ya bandia, au inayotuama kwenye chumba cha moyo kinachotetemeka badala ya kusukuma, huganda kwa urahisi. Bonge likichomoka likapanda kwenye ubongo, hicho ni kiharusi. INR ni namba inayoonyesha damu yako inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Asiyetumia dawa huwa na INR ya karibu 1.

Jambo moja zaidi, kwa sababu utalisikia mtaani: kwamba hii ni sumu ya panya. Ni kweli, warfarini ilianza kuuzwa kuua panya mwaka 1948. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu nchini Marekani, na mpaka leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tofauti iko kwenye kiasi, na ndiyo sababu tunakupima damu mara kwa mara. Nimempokea mtu aliyeacha dawa kwa neno hilo moja la jirani. Alirudi kwetu amebebwa, upande mmoja umepooza. Kwa hiyo lisikie kutoka kwangu kwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo. Ukurasa wa kwanza andika jina lako, sababu ya kutumia dawa, namba za INR unazotakiwa kuwa nazo, simu ya kliniki na simu ya ndugu.
- Kisanduku cha dawa chenye vyumba 7, kimoja kwa kila siku ya wiki. Ukikosa, bahasha 7 zilizoandikwa siku zinatosha.
- Kengele kwenye simu.
- Maabara unayoweza kuifikia, inayotoa jibu la INR na si muda wa kuganda kwa sekunde peke yake. Uliza kabla hujalipa.
- Akiba ya vidonge ya angalau wiki 2. Maduka mengi ya dawa ya wilayani hayana warfarini, na utagundua hivyo siku imekuishia.
- Kadi ndani ya pochi: "Natumia warfarini. Nina vali ya bandia." Ukigongwa na bodaboda ukazimia, kadi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Hatua ya 1: Jua namba yako

Usitoke kwa daktari bila kuijua. Mwenye moyo unaopiga bila mpangilio kwa kawaida anatakiwa kuwa kati ya 2.0 na 3.0. Mwenye vali ya chuma upande wa aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, mara nyingi ni hapohapo. Mwenye vali ya chuma upande wa mitro, kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, huhitaji zaidi, kwa kawaida 2.5 hadi 3.5, kwa kuwa damu hupita pale kwa mwendo wa polepole na huganda upesi. Ndiyo maana jirani yako wa benchi akifurahia 2.1, wewe unaweza kuambiwa uko chini. Msilinganishe.

Uliza pia ni ya muda gani. Vali ya chuma ni dawa ya maisha. Vali ya tishu, ile iliyotengenezwa kwa nyama ya mnyama, mara nyingi ni miezi 3 hadi 6 tu, kama hakuna sababu nyingine.

Hatua ya 2: Soma miligramu, usiangalie rangi

Hapa ndipo ninapopaza sauti kliniki. Kidonge cha pinki kilichotengenezwa kwa utaratibu wa Uingereza ni miligramu 5. Cha pinki kwa utaratibu wa Marekani ni miligramu 1. Duka likibadilisha kampuni ya kununulia, rangi inabadilika mkononi mwako, na ukiendelea kumeza "kile cha pinki" unaweza kujikuta unameza mara tano ya dozi yako, au moja ya tano.

Kila unaponunua, soma kilichoandikwa kwenye boksi na kwenye karatasi ya vidonge, kisha andika miligramu kwenye daftari. Ukizungumza nasi kwa simu, usiseme "nameza kimoja na nusu." Sema "nameza miligramu 7.5." Vidonge vikitolewa kwenye boksi na kutiwa kwenye kifuko cha nailoni bila maandishi, virudishe.

Hatua ya 3: Meza jioni, saa ileile

Saa 2 usiku ni saa nzuri. Asubuhi unapima, mchana jibu linatoka, na dozi ikibadilishwa unaianza jioni hiyohiyo. Ukishameza, weka alama kwenye daftari papo hapo. Usiiamini kumbukumbu: mwezi wa pili jioni zote hufanana.

Kwa anayefunga Ramadhani, dozi baada ya futari inakaa vizuri. Kinachobadilika ni chakula, maana mlo wa mwezi huo si mlo wa kawaida, na INR huweza kuyumba. Tuambie kabla ya mwezi kuandama, tukupangie kipimo wiki ya kwanza.

Hatua ya 4: Pima, na upime vizuri

Mwanzoni utapimwa kila baada ya siku chache, halafu kila wiki, kisha kila wiki 2. Namba ikitulia, mara moja kwa mwezi, na baadhi ya waliotulia sana huongezewa muda zaidi. Huhitaji kukaa na njaa.

Damu ya mshipani huwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha bluu, ambayo lazima ijae mpaka kwenye mstari. Ikiwa nusu, jibu hutoka juu kuliko ukweli, na unaweza kupunguziwa dawa bila sababu. Una haki ya kuangalia na kusema, "Dada, naona haijafika kwenye mstari." Sehemu nyingine hutumia mashine ndogo ya tone la damu ya kidole, nayo inafaa. Ukiweza, pima mahali pamoja kila mara.

Ukibadilishiwa dozi, mabadiliko yataonekana baada ya siku kidogo. Vidonge hivi havina pupa: siku 2 au 3 ndipo damu inaanza kubadilika, na karibu wiki nzima ndipo inatulia. Ndiyo maana kupima kesho yake hakukuambii lolote.

Usishangae pia mabadiliko yakiwa madogo. Tuseme unameza miligramu 5 kila siku, yaani 35 kwa wiki. Daktari anaweza kusema Jumatano tu umeze 7.5, siku nyingine 5 zilezile. Jumla inakuwa 37.5, nyongeza ya kama asilimia 7. Kwa kawaida tunarekebisha kati ya asilimia 5 na 20 ya dozi ya wiki. Kosa ninaloliona sana ni la mgonjwa aliyeambiwa "iko chini kidogo" akaenda nyumbani akaongeza kidonge kizima kila siku.

Hatua ya 5: Kula mboga, ila usiyumbishe

Hapana, hujakatazwa mchicha. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mnafu na sukuma wiki zina vitamini K nyingi, na vitamini K hupingana na warfarini. Suluhisho si kuziacha. Ukiziacha, INR hupanda. Wiki ukialikwa shughuli ukala sahani mbili za kisamvu cha nazi, hushuka. Tunachotaka ni kiasi kinachofanana. Kama kwenu mboga za majani ni kila siku, kula kila siku, na dozi itapangwa juu ya ulaji huo. Mlo wa mgonjwa wa moyo usio na mboga ni mlo mbaya, na kwa familia nyingi mboga ndiyo kitoweo chenyewe.

Cha kuogopa ni mabadiliko ya ghafla: kwenda kijijini mwezi mzima msimu wa mboga, kuanza kunywa unga wa mlonge kila asubuhi, au kuumwa na kushindwa kula. Yakitokea, pima mapema. Pombe ya kunywa kwa fujo mwisho wa wiki nayo huvuruga namba na huongeza hatari ya kuanguka na kutoka damu.

Hatua ya 6: Usimeze wala usichomwe kitu bila kusema neno "warfarini"

Hatua hii ndiyo inayookoa wengi, na ndiyo inayosahaulika wengi wakiwa dukani na maumivu.

Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hukwangua tumbo na kudhoofisha chembe za kugandisha damu. Zikikutana na warfarini, tumbo linaweza kuvuja damu kimyakimya. Kama daktari wa moyo mwenyewe amekupa aspirini ndogo pamoja na warfarini, hiyo ina sababu yake, endelea nayo. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli. Hata hiyo, ukiimeza kila siku kwa zaidi ya siku chache, tuambie, maana nayo huipandisha INR.

Viuavijasumu na dawa za fangasi: metronidazoli ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, Septrin, siprofloksasini, erithromisini na flukonazoli zote huweza kuirusha INR juu ndani ya siku chache. Haina maana usitibiwe. Ina maana upimwe siku 3 hadi 5 baada ya kuanza.

Dawa za kifua kikuu ni kinyume chake. Rifampisini hulisukuma ini liimalize warfarini haraka, na dozi inaweza kuhitajika kupanda mara mbili au zaidi. Watu wengi hulijua hilo. Wanalolisahau ni mwisho wa matibabu: ukimaliza ile miezi 6, ini linarudi polepole kwenye hali yake huku wewe bado unameza dozi kubwa. Wiki hizo ni za hatari kuliko za mwanzo. Weka tarehe ya kumaliza kwenye daftari lako, na upimwe kila wiki kuanzia hapo. Dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini huleta mgogoro unaofanana. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU atuambie majina yake, na abadilishapo atuambie tena.

Sindano ya msuli, ile ya makalio wanayokupa zahanati kwa maumivu au homa, inaweza kuacha bonge kubwa la damu ndani ya nyama. Omba vidonge, au dawa ya mshipani. Kuumika, hijama na kuchanjwa chale pia acha kabisa kwa kipindi chote cha dawa hii. Najua kwetu pwani hijama ina heshima yake. Lakini mkato mdogo kwa mwingine, kwako unaweza kuvuja usiku kucha. Na kama kuna dawa ya mizizi unakunywa, iseme bila aibu. Sitakugombeza. Nataka tu kuelewa kwa nini namba imeruka.

Hatua ya 7: Kabla ya jino au upasuaji

Usiache warfarini mwenyewe kwa sababu unang'olewa jino. Pima INR siku moja hadi tatu kabla. Ikiwa kwenye kiwango chako, meno mengi hung'olewa dawa ikiendelea, kwa kushona na kukandamiza vizuri. Mwenye vali ya bandia amwambie daktari wa meno ampe kiuavijasumu kabla ya kung'oa, kuzuia vijidudu visikimbilie kwenye vali. Kwa upasuaji mkubwa, daktari wa moyo na wa upasuaji wazungumze wao kwa wao, si kupitia wewe.

Hatua ya 8: Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa

Homa ya rumatiki huacha vali mbovu kwa wasichana wadogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya benchi langu ni wanawake wa miaka ishirini na kitu. Swali la mtoto hawaliulizi mbele ya mama mkwe. Wananifuata mlangoni. Basi nalijibu hapa wazi.

Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba. Lakini kuiacha ghafla ukiwa na vali ya chuma kunaweza kukuua wewe. Kwa hiyo mimba ipangwe. Njoo kabla hujaibeba, uzungumze na daktari wa moyo na wa uzazi juu ya kuhamia kwenye sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, au kubaki na warfarini ikiwa dozi yako ni ndogo. Kila njia ina hatari zake na uamuzi ni wenu pamoja. Hedhi ikichelewa hata siku chache, pima. Ukikuta mimba, usijiachishe dawa: njoo siku hiyohiyo. Na kujifungua kupangwe hospitali kubwa, kwa sababu karibu na uchungu lazima uwe umeshahamishwa kutoka warfarini, ambayo huingia mpaka kwenye damu ya mtoto.

Kama hujawa tayari kuzaa, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni havikufai kwa kuwa huchochea damu kuganda. Kuna kijiti na kuna kitanzi, zungumza nasi. Hedhi ikiwa nzito kupita kawaida, usiivumilie, upimwe wingi wa damu. Kunyonyesha ukiwa unatumia warfarini ni salama.

Na zile dawa mpya zisizohitaji kupima?

Rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani zipo, na kwa mzee mwenye mapigo yasiyo na mpangilio lakini vali zake nzima, mara nyingi ni chaguo zuri kama mfuko unaruhusu. Kwa vali ya chuma, hapana. Dabigatrani ilijaribiwa, mabonge na kutoka damu vikazidi, jaribio likasimamishwa. Kwa walioharibiwa vali na homa ya rumatiki, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kuwa waliotumia dawa za kundi la warfarini walifariki wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Ndugu wa ng'ambo akikutumia boksi la dawa mpya kwa mapenzi yake, mshukuru, na ulilete kliniki kabla hujafungua.

Mambo yakienda kombo

*Nimesahau dozi.* Ukikumbuka kabla ya kulala siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, iache, endelea na dozi ya leo, andika kwenye daftari. Usimeze mbili.

*Dawa imeisha na hapa hakuna.* Piga simu kliniki siku hiyohiyo, usisubiri tarehe. Kwa mwenye vali ya chuma, tunaweza kumwanzishia sindano za heparini za chini ya ngozi huku dawa ikitafutwa.

*INR ni 5 au 6 lakini sitoki damu popote.* Usiogope, ila piga simu kabla ya dozi ya jioni. Mara nyingi daktari atakuambia uruke dozi moja au mbili na urudie kipimo. Mtu asikimbilie kukuchoma vitamini K nyingi: kwa mwenye vali ya chuma inaweza kugandisha damu na kuifanya warfarini isishike kwa siku kadhaa. Ikipita 10, au damu ikitoka, hiyo ni ya hospitali.

*Namba inaruka bila sababu.* Fungua daftari. Mara nyingi jibu limo: dozi mbili zilizorukwa, boksi jipya, dawa ya fangasi, kuharisha siku tatu. Miguu ikiwa imevimba na pumzi fupi, moyo wenyewe umezidiwa, ini limejaa maji, na INR hupanda.

*Damu puani.* Kaa, inamia mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuchungulia. Isipokata, nenda hospitali.

*Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, kichwa kuuma kwa ghafla kuliko kawaida, au umeanguka ukagonga kichwa.* Hospitali sasa hivi, hata kama baada ya kugonga kichwa unajisikia sawa. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini usijiamulie. Kapimwe.

*Uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki.* Ni kiharusi. Mpelekeni hospitali yenye picha ya CT, na msimpe aspirini njiani, kwa sababu huenda ni damu iliyomwagika kichwani na si iliyoganda. Andikeni saa dalili zilipoanza.

*Vali imenyamaza.* Wengi wenye vali ya chuma huisikia usiku chumba kikiwa kimya, tik-tik kama saa ya ukutani, na mwanzoni huwanyima usingizi. Baadaye huizoea. Sauti hiyo ikififia au ikipotea, hasa kama pumzi zimeanza kubana au unalala ukiwa umekaa, huenda bonge limekwama kwenye vali. Usiisubiri Jumanne yetu. Nenda usiku huohuo, na daftari lako mkononi.